Shahidi, Yule Aliyekuwapo

Shahidi ni mtu aliyekuwapo. Katika Kiarabu, ambako Kiswahili kilikopa neno hili, mzizi wake unabeba maana mbili zilizoshikana: kuhudhuria na kuona. Shahidi ni yule ambaye mwili wake ulikuwa mahali pa tukio, na macho yake yalikuwa wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuijua habari nzima toka mwanzo hadi mwisho asiwe shahidi wake, na mwingine asielewe hata nusu ya alichokiona, naye akawa ndiye. Mambo ya kujua yana wenyewe: mwalimu, mganga, mpelelezi. Shahidi hahitaji kisomo. Anachotakiwa kuwa nacho ni kwamba alikuwa pale.

Ukoo wa neno ni mkubwa. Kushuhudia ni kitendo chenyewe. Ushahidi ni kile kinachotolewa mbele ya wanaoamua. Ushuhuda umehamia zaidi makanisani. Shahada ni kauli ya Mwislamu kukiri Mungu mmoja na Mtume wake, na kidole kinachonyooshwa wakati wa kuikariri katika sala kikaitwa kidole cha shahada, jina lililobaki hata kwa wasiosali. Kidole hichohicho ndicho kinachomwelekea mwizi sokoni. Cheti cha chuo kikuu nacho kimeitwa shahada, kwa kuwa chuo kinashuhudia kwamba mwenye nacho alipita mikononi mwake. Magazeti ya Tanzania yameongeza tawi jingine: mashuhuda. Waliokuwa kando ya barabara basi lilipopinduka huandikwa mashuhuda wa ajali. Mmoja wao akiitwa mbele ya hakimu, hapo anakuwa shahidi. Lugha imetambua, pasipo kamati yoyote kukaa, kwamba kuona ni hatua moja na kuitwa ni hatua nyingine. Shahidi wa mahakamani hutakiwa kuwapo mara mbili: siku ya tukio na siku ya kusema. Mara ya kwanza hakuulizwa kama anataka.

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, neno hili linaishi katika Kiswahili kilichozungukwa na Kifaransa cha ofisi. Wahema, Walendu, Waalur, Wanyali, Wabira, Walugbara na wengine hukutana mjini kwa Kiswahili, lakini karatasi za serikali zinaandikwa kwa Kifaransa. Mtu akishtakiwa anapelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Anayemhoji ni o-pe-ji, ofisa wa polisi wa upelelezi. Maneno yake yanaandikwa kwenye pe-ve, karatasi ya mahojiano, naye husomewa kabla ya kutia sahihi au kupiga kidole. Hapo ndipo penye hatari ya kwanza kwa shahidi yeyote wa Ituri. Amesema kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikageuzwa Kiswahili, kisha ikaandikwa Kifaransa, kisha akasomewa tena kwa Kiswahili cha yule aliyeandika. Alichokiona kimevuka mito miwili kabla hakijafika mezani kwa hakimu, na kidole chake kiko chini ya karatasi.

Matumizi ya kila siku hayangoji mahakama. Anayenunua parsele, yaani kiwanja, Bunia huandikiana na muuzaji karatasi, na chini yake hupangwa majina ya mashahidi: wa upande wa muuzaji, wa upande wa mnunuzi, majirani wa mipaka, na mara nyingi shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Uchaguzi wa majina hayo ni elimu nzima. Mzee anawekwa kwa heshima yake, lakini mwenye busara huongeza kijana, maana mzee atatangulia kufa na ugomvi wa mpaka hauna haraka. Kisheria karatasi hiyo ni dhaifu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Hata hivyo vyeti ni vichache na mashahidi ni wengi. Vita vilivyoanza mwaka 1999 vilipofukuza watu kutoka mitaa na vijiji vyao, karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Waliorejea na kukuta mtu mwingine amekaa walibaki na hati ya aina moja tu, nayo ilikuwa kumbukumbu ya majirani. Nao majirani walikuwa wametawanyika, au wamekufa, au wako upande mwingine wa ugomvi.

Ndoa nayo ina mashahidi wake. Ofisa wa serikali huwataka wa pande zote mbili. Nikaha ya Kiislamu hutaka wawili. Mahari ikikabidhiwa, wapo waliokuja kwa kazi moja tu ya kuhesabu mbuzi na kukumbuka. Pale asipokuwapo binadamu, anaitwa Mungu. "Mungu ni shahidi yangu" ni kiapo cha wote, Waislamu kwa Wakristo, ingawa husikika zaidi kwa mdaiwa kuliko kwa mdai.

Makanisa ya Bunia yamelitanua neno kwa njia yao. Katika ibada za Jumapili muumini husimama na kutoa ushuhuda: alikuwa mgonjwa akapona, alikuwa mlevi akaacha, mtoto wake alitekwa njiani akarudi. Mkutano unaitikia Amina. Hakuna anayeinuka kuuliza ilikuwa saa ngapi, nani mwingine aliona, na kwa nini mwezi uliopita alisimulia vingine. Ushuhuda hupokelewa, ushahidi huhojiwa. Maneno haya mawili yametoka katika tumbo moja, lakini aliyelelewa na la kwanza hushtuka sana anapokutana na la pili. Wakili wa upande wa pili, anapomuuliza mama aliyefiwa kama kweli aliweza kuona vizuri kutoka vichakani, anafanya kazi yake halali. Mama anasikia anaitwa mwongo. Mahakama zinazofanya kazi Ituri zingefaidika kama mtu angekaa na mashahidi mapema kuwaeleza jambo hili moja.

Kanisa Katoliki linatumia neno hilohilo kwa aliyeuawa kwa ajili ya imani. Watanzania wengi wanasema mfiadini. Kwingineko Afrika Mashariki waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, bado wanaitwa Mashahidi wa Uganda. Kaskazini-mashariki mwa Kongo jina lililo karibu zaidi ni la Sista Anuarite Nengapeta wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 wakati wa maasi ya Wasimba, na kutangazwa mwenyeheri na Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kiarabu kilikuwa na maana hii zamani, nacho Kigiriki vilevile: neno la Wagiriki kwa shahidi wa mahakamani ndilo baadaye lililomtaja aliyekufa kwa imani, na lugha za Ulaya zikalichukua kwa maana hiyo ya pili peke yake. Lugha hizo zimejenga ukuta kati ya anayesema alichoona na anayeuawa kwa kusimama alipo. Kiswahili hakikuujenga. Kwa msomaji wa Nairobi hilo ni jambo la kamusi. Bunia si la kamusi.

Mbele ya sheria, swali la kwanza kuhusu mashahidi lilikuwa idadi. Torati ilitaka wawili au watatu. Kurani inataka wawili katika kuandikiana deni na wanne katika tuhuma ya zinaa. Sheria za leo zimeacha kuhesabu vichwa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inatamka kwamba hakuna idadi maalumu inayohitajika kuthibitisha jambo. Mahakimu wa Kongo, waliorithi utaratibu wa Ubelgiji, nao huupima ushahidi kwa dhamiri yao. Shahidi mmoja anaweza kutosha, na kumi wanaweza wasitoshe.

Swali la pili ni la macho na masikio. Methali inasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni hekima kwa mtu anayepaswa kuamua kama alale nyumbani usiku huu au akimbilie msituni, na wapo Wanaituri wengi waliookoka kwa kuisadiki. Hakimu hawezi kuitumia. Kwake lisemwalo ni tetesi mpaka apatikane aliyekuwapo, naye aseme niliona, na ajibu alikuwa amesimama wapi. Basi watu walewale waliookolewa na kusikia wanaombwa, miaka kadhaa baadaye, watenganishe waliyosikia na waliyoyaona. Katika vita, ambamo kijiji kizima kimesimuliana usiku huo mara mia, kazi hiyo ni kama kutenganisha maziwa na maji.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, Uholanzi, iligusa tatizo hilo katika kesi yake ya kwanza kabisa, na kesi hiyo ilikuwa ya Bunia. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, chama chenye silaha kilichoushika mji mwezi Agosti 2002, alishtakiwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15. Kesi ilianza tarehe 26 Januari 2009. Siku mbili baadaye akaingia shahidi wa kwanza, kijana aliyeletwa kama mtoto askari wa zamani. Asubuhi alieleza jinsi alivyochukuliwa akitoka shuleni. Kikao kiliposimama kisha kikarudi, akasema aliyoyasema hayakuwa kweli. Alikuwa ameelekezwa ayaseme. Mshtakiwa alikuwa katika chumba hichohicho, macho kwa macho. Majuma mawili baadaye kijana alirudishwa, safari hii pazia likiwa limewekwa ili asimwone Lubanga, akasimulia upya habari ya kuchukuliwa kwake. Pazia lilimrudishia sauti. Ilipofika hukumu, tarehe 14 Machi 2012, majaji walisema hawawezi kuutegemea ushahidi wake.

Wala hakuwa peke yake. Baada ya siku 204 za vikao na mashahidi 67, majaji waliona kwamba wale tisa walioletwa na upande wa mashtaka kama watoto askari wa zamani hawakuweza kutegemewa kwa walichosema juu ya nafsi zao. Lawama kubwa ilielekezwa kwa waendesha mashtaka, waliowaachia wapatanishi wa Ituri kazi ya kuwatafuta na kuwaleta mashahidi bila kuwasimamia ipasavyo. Majaji walitaja watatu kati ya wapatanishi hao, kwa namba tu, kwamba huenda waliwashawishi mashahidi kusema uongo. Waliofuatilia kwa redio mjini Bunia walibaki na neno la kusikitisha: mashahidi wa kufundishwa. Ni haki kuongeza kwamba wapatanishi walitumiwa kwa sababu wachunguzi wa kigeni wasingeweza kuzunguka Ituri ya wakati ule bila kuwahatarisha wale waliotembelewa.

Umri wenyewe ulikuwa mtego. Kosa lilisimama juu ya miaka 15, na hakuna binadamu anayeweza kuwa shahidi wa kuzaliwa kwake. Alikuwapo, ndiyo, lakini hakuona. Tarehe yake aliambiwa. Rejista za shule, kadi za kupigia kura na maneno ya wazazi yalipishana. Picha za eksirei za meno na mifupa zilitoa makadirio mapana mno. Ikabidi mahakama yenyewe imwite mtaalamu wa Kongo, Kambayi Bwatshia, aeleze namna Wakongo wanavyopata majina, wanavyoyabadili, na jinsi neno baba au ndugu linavyoweza kumhusu mtu ambaye Mzungu asingemwita hivyo. Kijana wa Bunia anayesema baba alikufa, kisha kesho akasema baba yuko Mahagi, huenda hajadanganya hata mara moja: mkubwa wa baba yake ni baba, na mdogo wa baba yake ni baba. Kwenye karatasi ya Kiingereza huo ni mkanganyiko uliothibitishwa.

Kilichomtia Lubanga hatiani, pamoja na ushahidi wa watu wengine waliokuwa karibu na UPC, ni picha za video. Moja ilipigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, ikimwonyesha akiwahutubia askari wapya, na miongoni mwao watoto ambao majaji waliona kwa macho yao kuwa hawajafika miaka 15. Kamera ilikuwapo, iliona, na haikuwa na nyumba ya kuchomwa. Lubanga alipewa kifungo cha miaka 14.

Kesi ya Bogoro ilikwenda vingine. Kijiji hicho cha kusini-mashariki mwa Bunia, kwenye njia ya kuelekea Ziwa Albert, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, wakazi wake wakauawa. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kama kiongozi wa washambuliaji, aliachiliwa huru tarehe 18 Desemba 2012, kwa kuwa mashahidi watatu muhimu dhidi yake hawakuaminika kiasi cha kuthibitisha cheo chake siku ile. Majaji walitahadharisha kwamba kumwachia mshtakiwa hakumaanishi kuwa Bogoro hapakutokea jambo. Tahadhari ilikuwa ya lazima, lakini ni ngumu kuieleza kwa Kiswahili kwa mtu aliyezika. Kwake mashahidi wakikataliwa, tukio limekataliwa. Germain Katanga, aliyeshtakiwa kwa shambulio hilohilo, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 12.

Katika kesi hizi zote shahidi aliingia kwa namba. Uso ulifichwa kwenye skrini, sauti ikageuzwa na mashine, na yakifika maneno yanayoweza kumtambulisha pazia la ukumbi likafungwa. Wengine walihamishwa makwao pamoja na jamaa zao. Hakuna wa kuilaumu mahakama kwa hilo. Bila kinga wengi wasingefungua mdomo, na wengine wangekuwa mashahidi kwa maana ile ya Namugongo. Hata hivyo kuna kilichopotea. Shahidi wa parsele, shahidi wa mahari, shahidi wa barazani huaminiwa kwa sababu anajulikana: ni mtoto wa fulani, anakaa pale, aliwahi kusema kweli ilipomuumiza. Ukimwondolea jina na uso, jamii haina tena pa kumpimia. Inabaki kuamini mahakama au kutoiamini. Mwezi Machi 2015 majaji wa kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, walipendekeza vikao vya ufunguzi vifanyike Bunia kwenyewe. Mwezi Juni wakuu wa mahakama walikataa, kwa sababu za usalama na gharama, na kesi ikafunguliwa The Hague tarehe 2 Septemba. Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019.

Mahakama za kijeshi za Kongo hazina anasa ya umbali. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilipoanza kutumika Ituri na Kivu Kaskazini, tarehe 6 Mei 2021, mashauri ya jinai ya raia nayo yalihamishiwa kwao. Zinapokwenda kusikiliza kesi vijijini, shahidi hufika kwa miguu au kwa pikipiki, hutaja jina lake mbele ya jirani zake, husema, kisha hurudi nyumbani kwa njia ileile, jua likiwa linazama.

Kinga yenyewe ina ukomo ambao Wanaituri watatu waliugundua. Walitolewa katika gereza la Makala, Kinshasa, na kupelekwa The Hague mwaka 2011 kumtetea Katanga kwa ushahidi wao. Waliyosema kizimbani yaligusa serikali ya nchi yao hadi kwa Rais Joseph Kabila. Walipomaliza walikataa kurudi, wakiomba hifadhi Uholanzi kwa hoja kwamba ushahidi wenyewe ndio uliowaweka hatarini. Mahakama iliyowaita haikuwa na nchi ya kuwapa. Uholanzi ilisema wako mikononi mwa mahakama. Kongo iliwataka warudishwe. Walikaa rumande Scheveningen zaidi ya miaka mitatu, ingawa mahakama iliyowashikilia haikuwa imewashtaki kwa lolote. Ombi lao likakataliwa, na mwezi Julai 2014 wakapandishwa ndege ya kurudi Kinshasa.